Mrejesho: Cessna iliyogoma kupanda mchana

Wadau, niliuliza kwa nini Cessna 172, ndege ndogo ninayojifunzia urubani, ilijikokota kupanda saa saba mchana pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tanki zimejaa na tuko watatu ndani. Asanteni, hata yule aliyenicheka.

Nimepiga hesabu na mwalimu. Wilson iko futi kama 5,500 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi hadi ndege inajiona iko zaidi ya futi 8,000. Injini inakosa nguvu, mabawa yanakosa cha kushika.

Jumamosi tukaondoka saa moja asubuhi na mafuta ya safari na akiba tu. Nikapunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini, kabla ya kuachia breki (hili nilikuwa silifanyi, aibu yangu). Tulikubaliana: nusu ya njia ya kurukia ikiisha hatujafikia asilimia 70 ya kasi ya kunyanyuka, tunakatisha. Hatukuhitaji.

Kutua ndiko kulikonishangaza. Mshale wa kasi unasoma noti 65 (maili za baharini kwa saa) zilezile za kutua Mombasa, kule usawa wa bahari, lakini kwa hewa hii nyepesi ardhi inapita mbio zaidi na ndege inachelewa kusimama. Aliyenionya nisiongeze kasi "kwa usalama", nakuvulia kofia.