Tupeane uzoefu: siku ya mwisho ya Otakon na marafiki

Mzaramo_SilverSpring
Wakuu, leo nilikuwa napanga kabati nikakuta wigi ya bluu bado ina pini za Jumapili ile ya Otakon, tamasha letu la anime (katuni za Kijapani) ambako tunavaa kama wahusika. Nikajikuta nimerudi Washington, ukumbi wa Walter E. Washington, saa tisa alasiri. Wauzaji wanafunga maboksi, kundi letu tumekaa sakafuni, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "haya, twendeni". Mmoja anarudi Minneapolis, mwingine Toronto, mimi nyumbani ni hapa hapa kwa treni. Siku mbili za kwanza ni foleni na picha tu, kuongea na watu wako unapata Jumapili. Nyie siku yenu ya mwisho ilikwendaje?

Nyota_ya_Bandarini
Sisi wa zamani siku hiyo tuliimaliza Baltimore. Kabla Otakon haijahamia Washington mwaka 2017, ulikuwa unatoka ukumbini na mavazi yako unashuka Inner Harbor kwa miguu, mnakaa kando ya maji mpaka giza linaingia. Wapita njia wanaomba picha, watoto wanashika mapanga ya povu. Washington ukitoka nje unakutana na barabara na maofisi. Ukumbi ni mkubwa, sikatai, lakini pa kuagania hapana.

Kaka_Tanga
Dada Nyota, Baltimore ile miaka ya mwisho tulikuwa tunakanyagana. Siku hizi wanakuja watu zaidi ya 40,000, wangekaa wapi pale? Na Washington treni inakushusha hapo hapo ukumbini. Waulize waliobeba mabawa.

Nyota_ya_Bandarini
Sijazungumzia usafiri wala nafasi. Nimesema pa kuagania. Soma tena.

BibiWigi
Naungana na Nyota.

Mchora_Kanga
Mimi nauza michoro na stika upande wa wachoraji, kwa hiyo Jumapili naiona nikiwa nyuma ya meza. Naomba niseme jambo linaloniuma. Saa za mwisho watu wanakuja kudai nusu bei. Muuza sanamu anapunguza kwa sababu hataki kupakia maboksi kwenye lori. Mchoraji karatasi zake zote zinaingia kwenye bahasha, hana haja ya kukimbiza mzigo. Nimelipia meza, uchapaji na chumba. Mkipenda mchoro, nunueni Ijumaa.

Kaka_Tanga
Uongo mtupu, Jumapili ndiyo siku ya kununua. Nimepata manga, vile vitabu vya katuni za Kijapani, seti nzima kwa bei ya kutupa.

Mchora_Kanga
Hiyo ni manga ya dukani, kaka. Mimi nazungumzia kazi ya mkono wangu.

Mvita_Jersey
Ngoja niwape ya kwetu, maana bado inanitetemesha.

Asubuhi tulirudisha chumba, masanduku tukayaacha chumba cha mizigo cha hoteli, jina lake silitaji. Jioni mhudumu akatutolea, tukapakia, tukaondoka. Watano kwenye gari moja, tumechoka lakini hakuna aliyelala, maana rafiki yetu mmoja alikuwa anahamia Ujerumani na ndege yake ilikuwa kesho yake asubuhi toka Newark. Tulikuwa tunaimba nyimbo zote za kufungulia anime tunazozijua.

Tukasimama Maryland House, kile kituo cha mapumziko cha barabara ya I-95. Mdogo wangu akafungua sanduku achukue sweta. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sweta hakuna. Kuna vazi la mtu mwingine limekunjwa vizuri, viatu vidogo vya mtoto, na mfuko wa barafu. Nikaufungua: kalamu za insulini, sindano, vipimo vya sukari. Jina kwenye dawa ni la msichana.

Naitwa mezani, narudi.

BibiWigi
Mvita! Huwezi kutuacha hapo!

Mzaramo_SilverSpring
Mada yangu imeshatekwa, na sina kinyongo. Kula haraka.

Kaka_Tanga
Insulini si inakaa nje ya friji? Wangeituma kesho yake kwa posta.

Muuguzi_wa_Zamu
Kaka, usiandike hivyo mtu akakuiga. Ni kweli insulini nyingi zikishafunguliwa zinakaa joto la kawaida la chumba hadi siku 28. Gari lililofungwa wakati wa kiangazi si joto la chumba. Halafu tatizo la usiku ule ni mtoto, dawa ni jambo la pili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini kwa saa kadhaa tu anaweza kuingia hatarini.

Kaka_Tanga
Nimekuelewa, dada.

Mvita_Jersey
Nimerudi. Tukaipigia hoteli, kumbe mama wa mtoto ameshasimama mapokezi analia, sanduku letu mkononi. Wametoka Ohio, hawana mtu mjini. Kalamu aliyokuwa nayo mtoto mfukoni ilikuwa inakaribia kwisha, na mama alikuwa anajiandaa kumpeleka hospitali. Aliyesema kwanza "geuza gari" ni yule yule mwenye ndege asubuhi.

Msongamano wa Jumapili usiku mnaujua. Mdogo wangu aliushika ule mfuko mbele ya kiyoyozi njia nzima. Tulipofika mtoto alikuwa bado amevaa masikio ya paka. Akajipima, akajidunga mwenyewe, akamwambia mama yake aache kulia. Mama akatuagizia pizza, tukakaa pale mapokezi watu saba tukibishana ni anime gani ina mwisho mbaya zaidi, na yule mtoto akatushinda wote kwa hoja. Katika siku tatu zile sikuwa na saa nzuri kuliko hiyo. Ndege iliwahiwa.

BibiWigi
Nimelia kwenye matatu. Watu wananiangalia.

Muuguzi_wa_Zamu
Mungu awabariki. Wazazi: dawa isiingie sandukuni hata kwa saa moja, ikae begi la mgongoni la mwenyewe.

Nyota_ya_Bandarini
Na sanduku lifungwe kipande cha kitenge kwenye mpini. Masanduku meusi yote ni ndugu.

Kaka_Tanga
Au msiweke mizigo hotelini kabisa, wekeni garini.

Muuguzi_wa_Zamu
Dawa garini Agosti? Kaka!

Msee_wa_Westlands
Huku Nairobi tukitoka NAICCON, tamasha letu la vibonzo, pale Sarit tunapanda matatu na mavazi yetu. Konda mmoja alimpa rafiki yangu kiti cha mbele kwa sababu ya mabawa. Jumatatu sote tulikuwa na mafua.

BibiWigi
Mafua ya tamasha hayakwepeki. Tangawizi, limau, lala.

Mchora_Kanga
Barakoa ukumbini, na dereva alale vizuri Jumamosi. Hilo la pili ndilo kubwa.

Mzaramo_SilverSpring
Mvita, yule mtoto mnawasiliana?

Mvita_Jersey
Sana. Amemwomba mdogo wangu amfundishe kukata povu la silaha, wanaongea kila wiki. Rafiki yetu anarudi toka Ujerumani kwa ajili ya tamasha lijalo, na wale wa Ohio wanakuja pia.

Kaka_Tanga
Gari lenu la Jersey lina nafasi?

Mvita_Jersey
Moja, ya nyuma katikati. Upanga unakaa magotini kwako.