Wauza vifaa vya umeme Dodoma, hizi "saji protekta" mnazotuuzia ndani mmeweka nini?

Wakuu, nimeifungua kwa bisibisi ile ekstensheni ya saji protekta, yaani ya kukinga vyombo na umeme unaoruka ghafla, na ndani hakuna kinga yoyote. Kuna swichi, kitaa chekundu, nyaya tatu nyembamba na vibati vinavyoshika pini za plagi. Basi. Boksi lina mchoro wa radi na maneno makubwa kwamba inalinda vyombo vyako. Nililipa karibu mara tatu ya bei ya ekstensheni ya kawaida. Radi imepiga huku Nzuguni, friza mbili za juisi ya zabibu zimeungua bodi, juisi yote imemwagwa, na muuzaji ananijibu, "Mama, radi ni mipango ya Mungu."

Radi ni ya Mungu, sikatai. Maneno ya kwenye boksi ameandika binadamu, na hela yangu amepokea binadamu.

Kwa asiyejua, kinachofanya kazi ya kinga kwenye kifaa cha namna hii ni varista, kidude cha duara, bapa, chenye miguu miwili, kilichotengenezwa kwa oksidi ya zinki. Kwenye volti 230 zetu za kawaida kinatulia. Volti zikiruka ghafla kinafunguka na kuupitisha pembeni ule umeme wa ziada kabla haujafika kwenye bodi ya friza. Huwa kimeandikwa namba: ukiona 471, maana yake kinaanza kufunguka kwenye volti 470 hivi. Na hata varista halali huchakaa kila inapopigwa, ndiyo maana vifaa vya maana vina taa au kidirisha cha kukuonyesha kinga imekwisha. Kile kitaa cha kwangu kimeungwa kwenye swichi tu. Kinasema umeme upo, hakisemi kingine.

Duka la pili wakaniambia suluhisho ni friji gadi. Friji gadi naifahamu na siichukii. Inakata umeme ukishuka sana au ukipanda sana, halafu inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha ili kompresa isiwashwe ikiwa bado na presha. Lakini msukumo wa radi unapita ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde, rilei ya friji gadi, ile swichi yake ya ndani, haijaanza hata kusogea. Anayeiuza kama kinga ya radi ama hajui anachouza ama anajua na anadanganya. Vyote viwili vinaniumiza mfuko uleule.

Sasa mafundi, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo kubwa zaidi. Nikasema basi, ninunue kinga ya kufungwa kwenye bodi ya breka, ile yenye kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu ikifa. Fundi akaja, akaifunga pembeni kabisa, akazungusha waya ndani ya boksi zaidi ya mita ili eti zipangike vizuri. Waya za kifaa hiki zinatakiwa ziwe fupi na zilizonyooka, jumla yake isizidi nusu mita. Mkondo wa radi unapopanda kwa kasi ya ampea 1,000 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, kila mita ya waya inaongeza karibu volti 1,000 juu ya zile ambazo kinga imezipunguza. Volti hizo zinakwenda kwenye friza. Nimeuliza mafundi kadhaa, wengi hawajawahi kuambiwa.

Halafu ethi, ile njia ya kupeleka umeme wa ziada ardhini. Nilimwomba kijana mmoja aliyesomea umeme achimbe pale ilipozikwa ethi rodi ya nyumba. Fimbo ya futi 4 tuliyolipia imekatwa kwa msumeno, kimebaki kipande cha urefu wa mkono, kisa chini kuna jiwe. Jiwe Dodoma lipo, kila mtu anajua. Fundi mwaminifu angehamia pembeni, au angezika fimbo zaidi ya moja na kuziunganisha, kisha angepima. Huyu alikata, akafukia, akapokea chake. Udongo wetu ni mkavu kuanzia Mei hadi Novemba, hata fimbo nzima inapata shida kupeleka umeme ardhini. Kipande kile kitafanya nini? (Na wanaoshauri kupima fimbo kwa sumaku waache. Fimbo nzuri nayo ina chuma ndani, sumaku itanasa zote. Ikwangue kwa tupa uone shaba ni nene au ni rangi tu.)

Nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikikatika kwenye nguzo ni balaa jingine: nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400 kwa muda mrefu, na hapo varista yenyewe inaungua. Panahitajika kifaa cha kukata umeme ukizidi, pamoja na kinga ya radi, si badala yake. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyenieleza hilo.

Mji unajengwa kila kona tangu serikali ihamie, Iyumbu, Ihumwa, Mtumba, watu wanaweka vyombo vya mamilioni kwenye nyumba ambazo ethi yake hakuna aliyeipima. TBS, shirika la viwango, wapo. EWURA wanaotoa leseni za mafundi umeme makao makuu yao yako hapahapa Dodoma. Ekstensheni yangu iliyofunguliwa, boksi lake na risiti navipeleka kote kuwili. Duka nimeliachia nafasi ya kurudisha hela, kwa hiyo jina silitaji leo.

Wenye ekstensheni za aina hii, chomoeni ukutani kwanza, fungueni, wekeni picha za ndani hapa. Ukiikuta varista sema, tujue ipi ni halali. Na fundi wa Dodoma mwenye leseni na kipimo cha ethi aje inboksi, zabibu zinavunwa sasa hivi na sinunui friza nyingine kabla ethi haijapimwa.