Mama anabadilishwa valvu ya moyo, damu ya kuongezewa wanaikadiriaje?

Swali: Wakuu naombeni msaada, daktari kasema huenda mama akaongezewa damu, sasa wanajuaje kabla hata hawajampasua?

Jibu: Pole ndugu. Kwanza hemoglobini, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini hatari ishapanda, halafu uzito, maana ile mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji inajazwa maji kabla ya kuunganishwa na mwenye mwili mdogo damu yake inakuwa nyepesi zaidi. Umri na figo pia, na kama alishapasuliwa moyo zamani.

Jibu: Na dawa jamani!! Kama anatumia klopidogreli, ile ya kuzuia damu kuganda, semeni mapema, kawaida husimamishwa siku 5 kabla, ila asiache mwenyewe.

Muulizaji: Asanteni sana, mama ana kilo 48 na damu 10, ndo maana wamemwanzishia madini chuma.