Draiva yangu ya gofu imepoteza yadi 30 ghafla, aironi ziko vilevile. Nianzie wapi?

MchangaWaBaka

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kabla sijaizungusha hii fimbo kwenye mti.

Nacheza gofu mwaka wa sita sasa, handikapu (kipimo cha uwezo) 14, uwanja wangu wa nyumbani ni Lugalo hapa Dar. Draiva yangu, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ni ya digrii 10.5 za mlalo wa uso, niliinunua mtumba miaka mitatu iliyopita na haijawahi kunisumbua. Kawaida mpira unasimama yadi 235, siku nikiamka vizuri 240. Tangu kama wiki tatu zilizopita hauvuki 205. Sizungumzii ile inayopinda na kuingia vichakani. Nasema ile iliyotoka sawa kabisa, iko katikati ya ferwei, ile njia ya majani mafupi, tunaufikia mimi na kedi wangu, mbeba begi, tunabaki kutazamana.

Kinachonichanganya ni kwamba aironi, zile fimbo za chuma za mipigo mifupi, hazijabadilika. Namba 7 bado 145, haibridi bado 185. Sijaumwa, mipira ni ileile, mshiko ni uleule. Na kinachouma zaidi, kuanzia Februari hadi mwezi wa tano nilikuwa natisha. Nilifika 250 mara kadhaa, nikajua pushapu za alfajiri zimeanza kulipa. Jumamosi ya wiki ijayo kuna shindano la mwezi la klabu. Nishikeni mkono.

Chipsi_Kavu

Umri, mkuu. Unakuja usiku kama mwizi. Karibu chamani.

MwalimuWaTii

Mkuu, usikimbilie kulaumu fimbo. Aironi unazipiga ukiwa unashuka kwenye mpira, draiva inataka uupige ukiwa unapanda. Kwa hiyo mtu anaweza kuharibu moja na nyingine ikabaki salama. Mpira ukirudi nyuma kidogo kwenye msimamo wako, au tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, ikiwa fupi, unaanza kuukata kwa juu. Mzunguko wa nyuma unazidi, mpira unapanda kama puto na kufia hewani. Mpira wa draiva wenye afya uwe na mizunguko kama 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Ukivuka hapo sana unalipa kwa yadi.

Fanya hivi: chukua kalamu ya ubao mweupe, chora doa nene nyuma ya mpira pale fimbo inapogonga, kisha piga. Doa litahamia kwenye uso wa draiva na utaona unagonga wapi. Rudia mara kumi. Madoa yakiwa kisiginoni, yaani karibu na mpini, au chini kabisa, njoo tuongee swingi, unavyozungusha fimbo. Yakiwa katikati nitanyamaza.

BondeLaMeru

Swali dogo. Hizo 250 ulizipigia wapi? Mimi wa Arusha, na wageni kutoka pwani wakija klabu yetu ya Gymkhana wanapagawa, wanafikiri wamezaliwa upya. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kila mita 300 za mwinuko zinaupa mpira kama asilimia moja na ushee, kwa hiyo mtu wa 235 huku anapata zaidi ya 245 bila kujua. Akirudi Dar anasema draiva imeharibika.

MchangaWaBaka

@BondeLaMeru Nilikuja huko mara moja, Machi, na ni kweli niliruka kama swala. Lakini hizo 250 nyingine nimezipigia hapahapa Lugalo. Hiyo inaeleza siku moja tu.

@MwalimuWaTii Kalamu nimenunua leo, kesho asubuhi nitapima.

Kedi_Mstaafu

Kijana, nimebeba mabegi ya watu miaka ishirini na mbili. Sijakuuliza swingi wala umri. Nakuuliza mlio. Draiva yako inaliaje siku hizi?

MchangaWaBaka

Shikamoo mzee. Sasa umenishtua. Zamani ilikuwa inalia *ting*, hata wa shimo la jirani anageuka. Siku hizi ni *tup*, kama unapiga godoro. Nilidhani ni masikio yangu, au mvua za masika zimeingiza unyevu kwenye gripu, pale pa kushikia. Sikuunganisha mambo hayo mawili.

Kedi_Mstaafu

Marahaba. Haya, endelea na kalamu yako, ila ninajua tunakoelekea.

DadaWaGriini

Kabla ya kalamu na kabla ya mlio, kuna jaribio la dakika kumi ambalo sijui kwa nini hakuna aliyelitaja. Azima draiva ya mwenzako yenye digrii zinazokaribiana na yako. Chukua mipira yako sita, usichukue ya uwanja wa mazoezi, ile imechoka na itakudanganya. Piga mitatu kwa yako, mitatu kwa yake, kisha rudia kwa kubadilishana. Yote ikifika 205, tatizo ni wewe. Yake ikifika 235, tatizo ni chuma. Mwaka juzi nilipoteza miezi minne kwa mwalimu nikirekebisha mabega, kumbe mtoto wa dada yangu alichezea ufunguo wa draiva akaihamisha digrii mbili. Kwa hiyo angalia na pale shingoni, mpini unapoingia kichwani, zile namba ndogo ziko pale ulipoziacha?

FundiShafti

Dada amesema kweli. Naongeza ya kwenye meza yangu.

Shingo: ukizungusha ile soketi hubadilishi digrii tu, uso nao unageuka kutazama kushoto au kulia. Skrubu ikilegea pia nguvu inapotea. Ikaze kwa ufunguo wake hadi ulie *tak*, usitumie wa baiskeli.

Shafti, yaani mpini: shika kichwa kwa mkono mmoja, gripu kwa mwingine, zungusha kama unakamua nguo. Ukisikia mkwaruzo au kichwa kikizunguka peke yake, gundi imeachia. Mnaoacha mabegi kwenye buti la gari juani Dar, hilo ni lenu. Kisha pitisha kucha kuanzia shingoni kwenda juu. Karboni ikipasuka, kucha inanasa kabla jicho halijaona.

Na kwa kuwa ulinunua mtumba, pitisha sumaku kwenye uso. Titani haishiki sumaku. Usiijaribu chini ya kichwa kwa sababu vile vyuma vya uzito vinaweza kushika hata kwenye fimbo halali. Uso ukishika, hiyo ni feki ya chuma, na maswali yako yote yameishia hapo. Wenye uso wa karboni kama Stealth ya TaylorMade ya 2022 wasisumbuke na kipimo hiki.

MchangaWaBaka

Wakuu, nimerudi na majibu, kaeni vizuri.

Kalamu: madoa saba kati ya kumi yako katikati, mawili kidoleni, upande wa ncha, moja juu. Sijawahi kupiga vizuri hivi maishani mwangu, inauma.

Sumaku: haishiki. Shingo: namba ziko pale pale, skrubu imekaza. Shafti haina mkwaruzo.

Kuazima: rafiki yangu ana draiva ya digrii 10.5 kama yangu. Yake: 233, 236, 229. Yangu: 204, 207, 198. Tukabadilishana, ikawa vilevile. Halafu mwalimu mmoja alikuwa uwanjani na rada yake ndogo, akatuonea huruma. Nikipiga kwa fimbo zote mbili, kichwa cha fimbo kinakwenda maili 95 kwa saa. Mpira kwenye yake unatoka kwa 139. Kwenye yangu, 127.

MwalimuWaTii

Nimenyamaza kama nilivyoahidi. Gawanya 139 kwa 95, unapata 1.46. Fimbo nzima ikigongwa katikati inakaribia 1.5. Sasa gawanya 127, unapata 1.34 hivi, na madoa yako yako katikati. Huo uso haurudishi kitu.

Kedi_Mstaafu

Sasa nisikilize. Chukua rula ya chuma, au kadi ya benki ikikosekana. Weka ukingo wake juu ya uso wa draiva, kwanza kulala kutoka kisiginoni kwenda kidoleni, kisha kusimama kutoka juu kwenda chini. Uso wa draiva si bapa, umetunishwa kidogo pande zote kama mgongo wa kijiko. Kwenye uso mzima rula inabembea, huku inagusa huku inaachia. Kama rula imetulia, au mbaya zaidi unaona mwanga katikati, uso umebonyea ndani. Fanya dirishani, si chini ya taa.

Kisha osha kichwa kwa mswaki na sabuni, kausha, utazame ukingo ambapo uso unakutana na sehemu ya chini. Nyufa zinapenda hapo, na uchafu wa majani unazificha.

MchangaWaBaka

Mzee…

Nimetumia rula ya mwanangu ya hesabu. Kwa kusimama inabembea kidogo. Kwa kulala imetulia kama iko mezani, na katikati kuna mwanga mwembamba, unene wa karatasi. Nimeosha pia. Chini, upande wa kisigino, kuna mstari kama unywele, sentimita mbili na nusu hivi. Nilikuwa naufuta kila wiki nikidhani ni jani limegandia.

Ila hili sijaelewa. Kama inakufa, mbona miezi mitatu kabla yake nilikuwa napiga mbali kuliko siku zote?

FundiShafti

Hapo ndipo patamu. Uso wa draiva ni titani nyembamba, milimita tatu hivi, na kila unapogonga unabonyea na kurudi. Maelfu ya mipira baadaye unalegea, na ukilegea unaurusha mpira kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu R&A na USGA, wanaotunga kanuni za gofu, wana kipimo cha pendulamu kinachosoma muda wa kugusana na uso: mwisho ni mikrosekunde 239, na wanaachia 18 za ziada. Fimbo iliyotoka kiwandani ikiwa karibu na mpaka inaweza kuuvuka yenyewe kwa matumizi tu, bila mtu kuichezea. Hata kwa wachezaji wakubwa wa kulipwa hutokea: Xander Schauffele draiva yake ilikataliwa kwenye shindano la The Open la 2019 kule Royal Portrush. Mwaka 2025 kwenye PGA Championship ilikataliwa ya Rory McIlroy, na Scottie Scheffler akasema yake pia ilikataliwa wiki hiyohiyo. Akapiga kwa ya akiba na kombe akabeba.

Kwa hiyo zile 250 zako huenda zilikuwa za uso uliolegea ukielekea kupasuka. Ukishapasuka, nguvu inaishia kwenye ufa, mlio unakuwa *tup*.

BondeLaMeru

Daah. Kwa hiyo ukianza kupiga mbali bila sababu, uanze kuweka akiba.

KanuniMfukoni

Samahani kwa kuchelewa, ila hakuna aliyemjibu kuhusu Jumamosi. Mkuu, usiende nayo kwenye tii ya kwanza. Uso uliobonyea ndani haukubaliki, na wewe sasa unajua. Ingekuharibikia katikati ya raundi hali ingekuwa nyingine: ungeruhusiwa kuendelea nayo, na tangu kanuni za 2023 unaweza hata kuibadilisha, mradi hukuivunja kwa hasira. Waulize kamati yako kwanza, kwa sababu wanaweza kuweka kanuni ya kiwanja inayobana hilo, na chini yake ufa mtupu hautoshi kukupa ruhusa ya kubadilisha.

Na ule mti uliousema mwanzoni, ungekuwa hasira.

MchangaWaBaka

Nimeelewa, nashukuru sana. Aliyeniuzia sina cha kumdai baada ya miaka mitatu. Sasa ninunue nzima au kichwa peke yake?

FundiShafti

Shafti yako ni nzima na umeizoea, kwa nini uilipie tena? Tafuta kichwa peke yake. Ila soketi za kampuni moja haziingii kwenye kichwa cha nyingine, na hata ndani ya kampuni moja vizazi vinatofautiana. Muulize muuzaji kabla ya kutuma hela. Mwambie akutumie picha ya uso ukiwa na rula juu yake, karibu na dirisha. Akikataa, mwache.

DadaWaGriini

Na usisahau kumwomba video akiigonga. Sikiliza kwa spika, si kwa simu.

MchangaWaBaka

Mrejesho. Jumamosi nilicheza na wudi namba 3, fimbo inayofuata draiva, kwenye kila tii, yadi 215 na ferwei tisa, alama 33 za stebofodi, ule mfumo ambao alama nyingi ndiyo nzuri. Si mbaya kwa mtu asiye na draiva. Kichwa nimepata kutoka kwa jamaa wa Moshi, kizazi kilekile. Picha ya rula alituma bila kuulizwa mara mbili, kinakuja na basi la kesho. Cha zamani nimekiweka dirishani ofisini, kinazuia pazia lisipepee.

Chipsi_Kavu

Kwa hiyo si umri?

MchangaWaBaka

Si umri, mkuu. Ila pushapu nimeacha.