Tupeane uzoefu: picha zinazohama zenyewe kwenye dokumenti ya Word, ulizidhibiti vipi?

#1 Mleta mada
Wakuu habari za saa hizi. Juzi nilikuwa namalizia ripoti, kurasa 40 na ushee, picha 26 ndani yake, kuzipanga tu kumenila siku mbili nzima. Usiku napitia mara ya mwisho nikaona aya ya ukurasa wa 3 imekosa sentensi, nikaiongeza hiyo sentensi moja tu, aisee picha zote kuanzia pale zikahama, moja ikarukia ukurasa wa mbele ikaacha weupe nusu ukurasa, nyingine ikaenda kulalia jedwali. Mpaka saa nane usiku nazirudisha moja moja na mausi, narudisha hii ile inatoka.

Kesho yake ndio nikatulia nikachunguza. Kumbe picha ukiiwekea maandishi yaizunguke inafungwa kwenye aya fulani, aya ikisogea na picha inafuata. Ukiibofya kuna kialama cha nanga kinatokea pembeni, hicho ndio kinakuonyesha imefungwa aya ipi, miaka yote nilikiona na sikuwahi kujiuliza ni cha nini. Sasa hivi karibu picha zote naziweka "In Line with Text", yaani picha inakaa kwenye mstari kama herufi moja kubwa, ukiongeza maneno inasukumwa pamoja nayo kwa mpangilio, hairuki kichwa cha mtu. Kuiweka katikati natumia kitufe kile kile cha kuweka maandishi katikati, basi.

Wengine mlipitia nini? Leteni visa.

#2
Mimi yangu ilikuwa kinyume, picha nimeweka kwenye mstari hivyo hivyo unavyosema lakini inaonekana kijimstari chembamba tu, kama imekatwa na kisu. Nikaifuta nikaiweka tena kama mara kumi, nikaamini faili la picha ndio bovu. Tatizo lilikuwa nafasi ya mistari, aya ilikuwa imewekwa "Exactly" pointi 12, kwa hiyo mstari hauruhusiwi kupanda zaidi ya hapo hata ukiweka picha kubwa namna gani. Nilipoweka "Single" picha ikajitokeza yote. Mtu akikutana na hili asihangaike na picha, aangalie aya.

#3
Kupanga picha mbili ziwe sambamba nilihangaika sana na spesi, kwangu zimenyooka, mwenzangu akifungua kwake zimepanda na kushuka. Siku hizi natumia jedwali la safu moja yenye visanduku viwili, picha moja kila kisanduku, naondoa mistari ya jedwali, na chini naongeza safu ya maelezo. Ila kwanza zima ile ya jedwali kujitanua lenyewe kufuata kilichomo, usipoizima picha kubwa inakula nafasi ya mwenzake.

#4
Jamani mimi naomba niseme hili kwa uzito, linahusu siri za watu. Niliweka skrinshoti yenye orodha ya majina na namba za simu, nikakropu nikabakisha kipande nilichotaka, nikatuma faili. Aliyelipokea akabofya picha, akabonyeza kukropu, akavuta kingo, majina yote yakarudi mbele yake. Alinipigia yeye mwenyewe kunionya, nashukuru aliangukia mtu muungwana. Kukropu ndani ya Word kunaficha tu, picha nzima bado imo. Nenda "Compress Pictures", weka tiki kwenye kufuta sehemu zilizokatwa, na toa tiki ile ya kuhusu picha hii moja tu kama unataka zote. Kwa kitu nyeti mimi sasa nakata nje kwanza ndipo nakiingiza.

#5
Hiyo hiyo kompresi inasaidia na uzito wa faili. Picha za simu ukiziingiza kama zilivyo, hata ukizivuta kona zikawa ndogo kama stempu, uzito unaweza usipungue. Faili langu liligoma kwenda kwa barua pepe, nikachagua ppi 150 (yaani nukta za picha kwa kila inchi), likaenda bila shida.

#6
Mleta mada swali, ukiwa na picha 26 maelezo yake unaandika kwa mkono? Maana mimi niliandika "Picha ya 1, ya 2" kwa mkono, msimamizi akasema niongeze moja mwanzoni, nikabadilisha namba zote na bado mbili zikanipita.

#7 Mleta mada
Hapana mkuu, bofya kulia juu ya picha, chagua "Insert Caption", namba inajiweka yenyewe. Hata kwenye maandishi unaposema "tazama picha ya 7" iingize kwa "Cross-reference" usiichape. Ukiongeza picha katikati, Ctrl+A halafu F9, namba zote zinajipanga upya. Na wewe #4 asante sana, nina ripoti mbili nimeshazituma zina skrinshoti za kukropu, ngoja nikazifungue sasa hivi.