Matawi ya mipeasi yanaungua yenyewe, nipige dawa gani?

Mkata_Ncha:
Wakuu, poleni na majukumu. Mipeasi yangu ilianza kunyauka maua, yakawa meusi na hayadondoki. Sasa ncha za matawi zimejipinda kichwa chini kama mpini wa bakora, majani yamekauka lakini bado yameng'ang'ania tawi. Asiyejua atasema nimewasha moto chini ya mti. Mtufaha ulio karibu nao umeanza, na mplamu unatoa gundi. Nimepiga dawa ya ukungu, wapi! Naomba jina la dawa tu. Usingizi sina.

Kijiti:
Mti ukikauka ni kuni. Uzi ufungwe.

Mama Kitalu:
Pole mwanangu. Huo ni faya blaiti. Si ukungu, ni bakteria, Erwinia amylovora, ndiyo maana dawa yako haikufanya kitu. Asubuhi kakague matawi yenye madonda: kuna ute unaonata, mweupe wa maziwa au wa kahawia? Ukiuona, usipoteze muda. Kata sentimita 20 hadi 30 chini ya pale ugonjwa unapoonekana kuishia, siku kavu, na mkasi uchovye kwenye spiriti ya asilimia 70 kila unapohama tawi. Vilivyokatwa vichome, usiviache chini ya mti. Halafu niambie, umeweka mbolea gani?

Babu Pogo:
Mimi wala sikuwa na mti wa matunda. Nilikuwa na uzio wa pirakanta, vile vichaka vya miiba, mrefu, mzuri, watu wanasimama kuutazama. Ukaungua kipande kwa kipande. Kumbe pirakanta na kichaka mwenzake kotonesta ni ukoo mmoja na mitufaha, wote wa jamii ya waridi, na ugonjwa ni wao kwa wao. Shemeji yangu akaja na panga akakata kila kitu siku ya mvua, tena bila kuuliza mtu. Huyo shemeji ana mambo. Kuna siku aliazima ngazi yangu...

Kijiti:
Babu, ngazi ilirudi?

Babu Pogo:
Haijarudi.

Mkata_Ncha:
Ute upo, nimeuona. Mbolea ni yurea, si nyingi sana, nilitaka matawi yakimbie. Ila mama, mimi sikuuliza kukata, nimeuliza dawa. Nasikia streptomaisini inaponya.

Mama Kitalu:
Yakikimbia ndivyo yanavyoungua. Tawi laini lililolishwa naitrojeni, kama hiyo ya yurea, bakteria wanalipenda mno. Streptomaisini inakinga ua lililofunguka, hasa kukiwa na joto na mvua. Tawi lililokwisha kuungua haiponyi. Na ikipigwa ovyo bakteria wanaizoea, ndiyo maana kuna nchi hazitaki kuisikia mashambani. Sasa na mimi niulize. Mtu hakosi usingizi kwa mipeasi ya nyuma ya nyumba. Kuna nini hujasema?

Asali Tamu:
Kabla hajajibu, nawaomba msije mkalaumu nyuki. Ni kweli wanabeba bakteria kutoka ua hadi ua, hilo lilionyeshwa tangu karne ya 19. Lakini mvua inabeba, upepo wenye mvua unabeba, mkasi wa binadamu unabeba. Mtu akisikia nyuki tu anakimbilia dawa ya wadudu wakati wa maua. Mzinga mzima unakufa na ugonjwa unabaki palepale.

Mkata_Ncha:
Haya. Nina kitalu. Vikonyo, vile vijiti vya kuunganisha kwenye shina jingine, nilivikata kwenye hiyohiyo mipeasi kabla haijachanua, nikabebesha. Mteja ameshalipa nusu na anakuja kuchukua miche mwisho wa wiki. Lakini tuelewane: nilipokata, mti haukuwa na dalili yoyote. Miche ni ya kijani, inapendeza. Mkasi ulikuwa mmoja, sawa, ila niliufuta kwa kitambaa. Kwa hiyo upande wa miche sioni tatizo. Nataka kuokoa miti mama tu.

Mja wa Mola:
Unajua na bado unauza? Hela ya namna hiyo haikai mfukoni. Mrudishie mwenzako chake, mengine Mungu atafungua.

Mama Kitalu:
Kitambaa hakiui bakteria, kinawasambaza kwenye makali. Na kijani si cheti cha afya. Bakteria huyu anaweza kukaa ndani ya kikonyo bila dalili, akasubiri joto. Ugonjwa ulijulikana Marekani, bonde la Hudson, tangu miaka ya 1780. Ulipoonekana Uingereza mwaka 1957 haukuwa umeogelea bahari. Shina ulilobebeshea ni aina gani? Kwenye mitufaha iliyobebeshwa kwenye shina la aina ya M9, ugonjwa ukishuka hadi shina la chini mti wote unaondoka.

Leta Picha:
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Hii ni chai. Mplamu kwa kawaida haupati faya blaiti. Ugonjwa huu ni wa mitufaha, mipeasi na ndugu zao wa karibu. Jamaa amenakili dalili mahali, akaongeza mplamu kunogesha, na mteja wa mwisho wa wiki ili tupate presha. Picha hakuna, akaunti ya juzi.

Kijiti:
Nilijua. Bakora ilikuwa imenyooka mno.

Asali Tamu:
Leta Picha, hapo umejikwaa. Anayenakili asingetaja mplamu, maana alikonakili haumo. Anayetaja kila mti anaouona ni mtu aliyechanganyikiwa. Gundi ya mplamu ina sababu zake nyingine, kuanzia wadudu wa shina hadi vidonda.

Mkata_Ncha:
Mplamu nimeutaja kwa sababu upo na unatoa gundi! Ningetunga si ningetunga stori inayonipa sifa? Picha sipandishi, mteja yumo humu humu. Mama, nina wazo. Nikimpa miche pamoja na chupa ya mrututu, ile dawa ya shaba, nikamwelekeza apige mwenyewe, si tutakuwa tumemalizana?

Mama Kitalu:
Dawa ya shaba hupigwa mapema, macho yanapoanza tu kufunguka, kupunguza bakteria walio juu ya gamba. Aliye ndani ya mche haimfikii, na kwenye majani machanga dawa yenyewe ndiyo itakayounguza. Usitoe hata mche mmoja. Mpigie leo umweleze, miche ichome, na vikonyo vingine tafuta kwenye mti unaojua historia yake. Wewe si wa kwanza kupoteza kitalu.

Leta Picha:
Nafuta kauli yangu, si chai. Mtunzi wa hadithi angekuwa ameshatubu.

Babu Pogo:
Shemeji naye alisema atanimalizia na chupa ya rangi. Ya ngazi.

Mkata_Ncha:
Nimewasikia wote, ahsanteni. Ushauri mwingine ambao si wa kurudisha hela bado unakaribishwa.