Amekamatwa na misokoto ya bangi, anaambiwa ni mlanguzi

JiraniKisauni: Assalaam aleikum wanajamvi. Kijana wa jirani hapa Kisauni, Mombasa, alikamatwa Ijumaa jioni na misokoto 8 ya bangi. Jumatatu anapelekwa kortini Shanzu. Ndugu zake wameambiwa atashtakiwa kwa ulanguzi, si kupatikana na bangi tu, na wanashauriwa akubali kosa mapema apigwe faini arudi nyumbani. Mashtaka haya yanatofautiana vipi? Akubali?

KalamuYaMvita: Waaleikum salaam. Asikubali chochote kabla ya kuiona karatasi ya mashtaka na kujua kifungu kilichoandikwa. Sheria ni ile ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994, iliyorekebishwa 2022. Kifungu cha 3 ni kupatikana nazo. Mtu akiiridhisha mahakama kwamba bangi ni ya kuvuta yeye mwenyewe, kifungo hakizidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kifungu cha 4 ni ulanguzi, na hapo hesabu ni nyingine kabisa: kuanzia gramu 1 hadi 100, faini huanzia shilingi milioni 30, au miaka 30 jela, au vyote viwili. Ikizidi gramu 100, ni milioni 50 au mara tatu ya bei ya sokoni, au miaka 50. Kwa hiyo anayemwambia "kubali upigwe faini" hajasoma kifungu cha 4.

Ulanguzi si kuuza peke yake. Sheria inataja pia kununua, kuhifadhi, kusafirisha, kugawa na kupeana. Ndiyo maana karatasi ya mashtaka lazima ieleze alilangua *kwa njia gani*. Ikiandikwa "alilangua" tu, wakili ana la kusema. Askari nao waeleze kwa nini wanadai ni biashara: je, palikuwa na mizani, vifuko, wanunuzi? Bila hayo, misokoto 8 yaweza kuwa ya matumizi yake. Ila kumbukeni, mzigo wa kuiridhisha mahakama kwamba ni ya kuvuta mwenyewe uko kwa mshtakiwa.

BandariniTu: Naongeza kuhusu vielelezo, maana kesi nyingi huvunjikia hapo. Kilichokamatwa chapaswa kupimwa mbele ya mshtakiwa, kisha sampuli ipelekwe kwa Mkemia wa Serikali. Ombeni nakala za ripoti yake na ya orodha ya vielelezo. Katiba, ibara ya 50, inampa haki ya kuuona ushahidi mapema. Linganisheni idadi na uzani kwenye karatasi zote. Misokoto 8 kituoni na 6 kwa mkemia ni tundu kubwa. Ulizeni pia kama bangi ilipimwa pamoja na karatasi zake, hasa uzani ukiwa karibu na gramu 1 au 100.

Ikiwa alikuwa na wenzake, au bangi ilipatikana chumbani, upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba alijua ipo na alikuwa na mamlaka juu yake. Kukaa karibu nayo hakutoshi.

JiraniKisauni: Shukran sana. Na hii ya kukaa ndani tangu Ijumaa ni halali? Akishakubali, anaweza kubadilisha?

KalamuYaMvita: Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiisha wakati korti imefungwa, anafikishwa siku ya korti inayofuata, hivyo Jumatatu ni sawa. Lakini dhamana ya polisi inawezekana hata wikendi, na haiuzwi. Wakilipa pesa taslimu za dhamana, wadai risiti rasmi. Bila risiti, hiyo si dhamana.

Kukubali kosa kunaweza kubadilishwa kabla ya hukumu ya adhabu, hakimu akiridhia. Baada ya hapo, mtu aliyekubali hukata rufaa juu ya adhabu tu, ndani ya siku 14. Asomewe mashtaka kwa lugha anayoielewa. Asipoelewa, aseme palepale aletewe mkalimani. Akikana, waombe dhamana hapohapo, na mdhamini afike Jumatatu asubuhi na kitambulisho. Korti ikikataa dhamana, Katiba inataka sababu nzito, na sababu hizo ziandikwe kwenye faili.

BandariniTu: Na kama ana uraibu, si bangi tu bali unga (heroini) pia, wamwambie wakili wake sasa. Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Barua ya kliniki na ripoti ya afisa wa probesheni humsaidia hakimu kupima adhabu, lakini zinachukua muda kuandaliwa, kwa hiyo zisisubiri siku ya hukumu.